Soko la Fisi la Nthoki Matheka

Watu wa Lucky Summer, mtaa wetu wa Nairobi, wakimtaja Nthoki husema ni mtu mpole. Waache waseme. Mimi nimekaa naye ploti moja, mlango wake ukitazamana na wangu, na ninajua upole wake ni wa namna gani. Mwenye bucha wa pale chini kuelekea Baba Dogo aliwahi kumzidishia mfupa kwenye kilo ya nyama, akamwambia, "Mama, hata mfupa una mchuzi." Nthoki hakugombana naye. Alilipa, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa anapita mbele ya bucha ile ile kwenda kununua nyama Kariobangi, na wakati wa kurudi alihakikisha ameubeba mfuko upande ambao yule mtu angeuona. Alifanya hivyo mpaka bucha ikafungwa. Ilipofungwa akanunua maharagwe.

Mimi ni Nabalayo. Miaka ile ya tisini mwishoni nilikuwa nikisimamia saiba ya Jimale, duka la kukodisha kompyuta zenye mtandao, kule Eastleigh, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza nilikuwa upande gani. Nilikuwa upande wa Nthoki, na bado niko.

Baba yake, Matheka, alikuwa mchongaji. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na karakana ya Wakamba, kibanda kirefu cha mabati kisicho na kuta, ambamo wanaume walikaa wakichonga wanyama wa kuwauzia watalii, nao wake zao walikaa nje juani wakipiga msasa na kupaka rangi ya viatu. Kila mchongaji alikuwa na gogo lake, limefukiwa nusu ardhini, ambalo alichongea juu yake. Na kila gogo lilikuwa na mnyama wake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao. Mzee Kiilu alichonga kiboko kwa sababu baba yake alichonga kiboko. Jirani yake alichonga twiga. Ukichonga kiboko nawe si wa nyumba ya Kiilu, wewe ni mwizi tu, sawa na aliyeingia jikoni kwa watu akajipakulia.

Gogo la Matheka lilikuwa la kakakuona, yule mnyama wa magamba anayejiviringa akiguswa. Hakuna mwingine aliyemtamani. Magamba yale huchongwa moja moja, na mwenzako wa twiga humaliza watatu kabla wewe hujafika mgongoni. Matheka hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alimfundisha Nthoki. Wanaume walinung'unika, maana mwanamke mahali pake palikuwa kule nje kwenye msasa, kisha wakazoea. Mwaka wa mvua za El Niño Matheka alikufa kwa homa ya mapafu, na Nthoki akakaa kwenye gogo. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, hajaolewa, na ukimuuliza kwa nini hajaolewa alikutazama mpaka ukakumbuka una sufuria jikoni.

Nilikuwa nikipita kumsalimu Jumamosi. Alishika tezo karibu kabisa na chuma, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo, na hakusikia chochote. Huyu mtu mwenye kinyongo, mtu wa kuhesabu makosa ya wenzake, alipokuwa na kakakuona mikononi uso wake ulikuwa wa mtu anayelisha mtoto. Hakuwa na kitu kingine duniani. Nataka hilo lijulikane kabla sijamtaja Kiema.

Kiema alikuwa dereva wa watalii, akaacha, akawa wakala wa karakana. Yeye ndiye aliyechukua vinyago akavipeleka kwenye hoteli na maduka, na ulipokuja mtandao akawa wa kwanza kuuparamia. Alitengenezewa ukurasa wenye picha za wanyama na jina lake juu kabisa, vinyago vya Kiema, utadhani amewahi kushika tezo hata siku moja. Kila asubuhi alikuja pale kwa Jimale kusoma barua pepe zake. Hakujua kuniita jina. Alipiga vidole, hivi, kama anayemwita mbwa. Nilimchukia tangu kidole cha kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na tisa Kiema akanunua kitu kipya kutoka ng'ambo. Kulikuwa na kampuni moja huko iliyokuwa ikiuza makadirio: unaipa neno, inakwambia ni watu wangapi ulimwenguni wanalitafuta neno hilo kwenye mtandao kila siku. Kiema alikuwa kama aliyepewa funguo za benki. Aliniketisha nimsomee maelezo, maana Kiingereza cha maandishi madogo kilimchosha, na nilipofika sehemu ya jinsi makadirio yanavyopatikana akanikatiza.

"Wacha hizo. Nataka namba."

Mimi niliendelea kuyasoma peke yangu alipoondoka. Na yalisema wazi. Kampuni ile haikuwa ikiona watu wote wa dunia. Ilikuwa ikichungulia sehemu chache ndogo za kutafutia, zile kurasa ambako mtu huandika neno analolitafuta mtandaoni, ikihesabu maneno yaliyoandikwa pale, halafu ikizidisha kukisia dunia nzima. Ni kama kukadiria waumini wa kanisa kwa kutazama benchi moja. Kanisa likiwa kubwa na limejaa, utakaribia ukweli. Lakini kama waumini ni wachache na wamekaa kwingine, utaona benchi tupu na utasema kanisa halina mtu. Maelezo yenyewe yalionya: maneno yasiyotafutwa na wengi, usiyaamini sana. Basi. Kiema aliprinti namba, akaacha onyo.

Jumamosi moja alisimama katikati ya karakana na karatasi yake. Nilikuwapo, nimemletea Nthoki chai. Aliwasomea wazee: tembo, watu wengi, twiga, watu wengi, kiboko, si haba. Kisha akafika alikotaka kufika.

"Kakakuona, hakuna. Sio wachache. Hakuna. Dunia nzima, hakuna mtu hata mmoja anamtaka huyo mnyama."

Wanaume wakacheka. Nthoki hakuinua kichwa.

"Sasa wazee wangu," Kiema akasema, "gogo ni mali ya karakana. Tutaliacha likaliwe na mnyama asiyetakiwa mpaka lini? Mpwa wangu Mwanzia yuko hapa. Anachonga pomboo. Pomboo wanatafutwa kama maji."

Mzee Kiilu peke yake ndiye aliyesema neno. "Huyu ni mwiitu wa Matheka," alisema, yaani binti yake kwa Kikamba. "Gogo ni la baba yake."

"Mzee, si mimi nasema. Ni kompyuta."

Wakakubaliana. Hakuna aliyemuuliza Nthoki lolote. Mzee Kiilu alitikisa kichwa, akashika tezo yake, akaendelea na kiboko chake. Nthoki aliviringisha vyombo vyake kwenye gunia, akampisha Mwanzia, na tulipofika nyumbani aliingia kwake akafunga mlango. Sikumsikia akilia. Afadhali angelia. Kwa majuma alikaa nje na wale wanawake akipiga msasa twiga wa watu wengine, kwa sababu lazima ale, na kila alipoinua macho alimwona Mwanzia amekalia gogo la baba yake akichonga samaki.

Kufika Mei, barua zikaanza kuingia. Kiema aliniamuru niziprinti, nami nikaziona. Mtu mmoja wa Uholanzi aliuliza kama yule kakakuona pichani bado anapatikana. Mwalimu mmoja wa Kanada alitaka jozi. Duka moja la makumbusho, sijui la wapi, lilitaka wengi kadiri wangeweza kuchongwa. Hawa ndio watu ambao benchi moja halikuwaonyesha. Walikuwa wachache, wametawanyika, lakini kila aliyemtafuta kakakuona alikuwa amekuja kununua, wala hakuwa akipitapita kama wale wa tembo. Kiema aliyajua haya kabla ya mtu mwingine yeyote. Na alifanya nini? Alimhamishia Mwanzia kwenye chumba kimoja kule Kware ili achonge kakakuona mahali ambapo wachongaji wenzake hawangemwona, siku nne kwa juma, na Ijumaa na Jumamosi akarudi karakanani kuchonga pomboo wa kuonyesha watu.

Waliyapanga hayo mbele yangu pale saiba kama sipo, kakakuona wa Mwanzia akiwa mezani, nami nikamwambia Nthoki jioni ile ile. Alikuwa anakuna nazi. Alimaliza ile nazi yote kabla ya kujibu.

"Anamchonga wa baba?"

"Anamchonga. Magamba yameinama upande mmoja, yamekaa vibaya. Lakini wanauza."

Alikwenda kwa wazee. Wakataka ushahidi. Kiema akacheka, akasema mpwa wake alikuwa akijaribu tu mkono, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumwuza mnyama asiyetakiwa na yeyote, karatasi si waliiona? Wazee wakarudi kwenye kazi zao. Nami ningesema ukweli siku ile, lakini Nthoki alinifinya mkono. "Wewe bado nakuhitaji pale kazini," akasema.

Sasa lazima niwaeleze juu ya jambo lililonichekesha mpaka nikaumwa na mbavu. Kiema alikuwa na mazoea. Kila asubuhi kabla ya kufungua barua zake aliandika jina la ukurasa wake kwenye sehemu ya kutafutia, vinyago vya Kiema, ili aone kama unatokea. Usipotokea juu aliandika tena. Alijaribu hapa, akajaribu pale, zikiwamo zile sehemu ndogo ambazo kampuni ilikuwa ikizichungulia. Basi siku moja akaitisha makadirio ya jina lake mwenyewe, na karatasi ikatoka ikisema kila siku makundi ya watu ulimwenguni wanatafuta vinyago vya Kiema. Mungu wangu! Aliibusu ile karatasi. Alitaka niibandike ukutani.

"Unaona, msichana? Dunia inanijua."

Dunia ilikuwa ni yeye. Neno ambalo haliandikwi na mtu mwingine, wewe mmoja ukiliandika kila siku mbele ya benchi lile, kampuni inalizidisha na wewe unakuwa umati. Nilimsimulia Nthoki nikitegemea atacheka. Hakucheka. Akaniuliza swali moja.

"Na neno lingine? Mtu mwingine akiliandika?"

Nilielewa anachokitaka, na usiku ule furaha ilininyima usingizi.

Tulianza kwa kujaribu. Alikuja nami kazini asubuhi, wakati ambapo laini ya mtandao imeshafunguliwa kwa wateja wachache na mashine nyingine zimekaa bure. Jimale aliuliza huyu ni nani, nikamwambia ni jirani anayejifunza kompyuta, na kwa malipo atamng'arishia meza zote. Zile meza hazijawahi kung'aa vile. Tulijaribu tembo kwanza: aliandika wee kwenye zile sehemu ndogo, nami nikaitisha makadirio kwa jina la Kiema, hayakutikisika hata kidogo, maana watu wa tembo ni wengi mno. Tukajaribu neno la kipuuzi, kijiko cha kakakuona, na baada ya siku chache likajitokeza kwenye orodha kama uyoga baada ya mvua. Tukajua. Makadirio ya neno kubwa ni mlima. Ya neno dogo ni mlango usio na kufuli.

"Sasa mnyama gani?" nikamwuliza.

"Fisi," akasema. Alikuwa ameshafikiria zamani. "Fisi wa mpingo."

Msiokaa na Wakamba wachongaji hamtajua ubaya wa neno hilo. Pale karakanani palikuwa na magogo ya kila mnyama, lakini la fisi halikuwapo. Fisi ni mnyama wa wachawi. Hakuna mzee ambaye angetaka awe mnyama wa nyumba yake, amwachie mwanawe gogo lenye jina hilo. Na watalii nao, nani anataka fisi mezani? Juu ya hayo mpingo ni mti wa gharama, mgumu, unaokula tezo. Nthoki alichagua kama mtu anayechagua kisu.

Miezi ya Juni, Julai na Agosti alikuja kila asubuhi. Hakujua Kiingereza kingi lakini maneno yale machache alijifunza, na aliyaandika kwa vidole viwili, taratibu, kwa namna nyingi: fisi wa mpingo, fisi mweusi wa kuchongwa, nunua fisi wa mpingo kutoka Afrika. Aliketi wima kama yuko kanisani. Kiema alipoingia yeye alikuwa ameshatoka kwa ngazi ya nyuma. Mimi nilimwuliza kama hachoki. Akanijibu, "Magamba ni mengi kuliko haya."

Nami nilichangia. Siku moja Kiema alipokuwa akilalamika kwamba twiga wamejaa kila duka, nikamwambia kwa upole, "Bosi, si ujaribu kuitisha orodha ya wanyama ambao namba zao zinapanda? Kuna wengine watu hawajawafikiria." Alinitazama kama ndiyo mara ya kwanza kugundua nina kinywa. Akaitisha. Fisi alikuwa juu, anapanda juma baada ya juma, na mbele ya jina lake hapakuwa na muuzaji yeyote ulimwenguni.

"Hakuna anayewauza," Kiema akanong'ona. "Watu wote hawa, na hakuna anayewauza!"

Alikuwa na haki ya kujiuliza kwa nini. Hakujiuliza.

Wazee walikataa mwanzoni, na kwa sauti. Lakini Kiema alikuwa na karatasi, na mwaka wa elfu mbili ulikuwa unakuja, watalii wangefurika, wageni wanataka kitu kipya. Aliuza gari lake, lile Nissan la watalii alilolipenda kuliko mke wake, akanunua mpingo wa kujaza nusu ya karakana. Kisha akasema hatachukua tena tembo, wala twiga, wala kiboko, mpaka fisi wamalizike. Mtu ana watoto, atafanya nini? Mmoja mmoja wakalegea. Mzee Kiilu alikuwa wa mwisho. Nilimwona siku alipoanza: aligeuza lile pande la mpingo huku na huku, akatema mate kando, akaanza.

Na fisi wenyewe! Hawa ni watu ambao kila mmoja tangu utoto mkono wake unajua mnyama mmoja. Fisi wa mtu wa twiga alikuwa na shingo ndefu. Fisi wa Mzee Kiilu alikuwa mnene, mdomo mpana, ungemtumbukiza majini angeogelea. Mtu wa tembo alimpa masikio ya kupepea. Wake zao walikaa nje wakiwapiga msasa wakigeuza nyuso. Nthoki alikuwa miongoni mwao, na ninaapa sijawahi kumwona mtu akipiga msasa fisi kwa mapenzi kama yale.

Novemba picha zikawekwa kwenye mtandao. Kiema akakaa kusubiri. Alikuja asubuhi, akaja jioni. Barua za kakakuona ziliendelea kuingia moja moja, akazijibu bila kuzitazama. Za fisi hazikuja. Alipunguza bei, hazikuja. Alipiga simu kwenye maduka ya hoteli, wakamcheka. Na kila alipoitisha makadirio, watu wa fisi walikuwa wameongezeka, maana Nthoki alikuwa amerudi, na sasa alikuja mara mbili kwa siku.

Siku ile ya Desemba Kiema alipiga meza kwa kiganja mpaka Jimale akatoka ofisini.

"Wanatafuta lakini hawanunui! Ni watu gani hawa?"

Ngazi ya nyuma ilikuwa pale pale. Nthoki hakuitumia. Alikuwa kwenye mashine ya pembeni, kitambaa kichwani, mgongo umenyooka. Akageuza kiti.

"Ni mimi," akasema.

Kiema hakuelewa. Nthoki akajisogeza kando ili aone kioo, akaweka vidole vyake viwili, akaandika mbele yake: fisi wa mpingo. Akabonyeza. Akaandika tena. Nilimtazama Kiema usoni, sikutaka nikose hata kidogo. Midomo ilimkauka. Ilikuwa tamu. Sina neno lingine, ilikuwa tamu, na leo nikiikumbuka bado ni tamu.

"Nitawaambia," akasema. "Nitawaambia wazee wote. Watakuua."

"Waambie," Nthoki akajibu. "Mimi pia nitakuja."

Jumamosi karakana ilijaa. Kiema alianza kabla watu hawajaketi. Alimnyooshea Nthoki kidole, akasema huyu mwanamke amewaharibia msimu, ameidanganya kompyuta, hakuna watu wa fisi popote, ni yeye peke yake amekaa Eastleigh akiandika neno moja miezi yote. Wanaume wakaanza kunguruma. Mmoja akainuka na tezo mkononi. Nilisogea karibu na Nthoki.

Mzee Kiilu akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Kiema, unasema karatasi yako ilikuwa ya uongo?"

"Ya uongo kabisa, Mzee! Huyu ndiye aliyeidanganya!"

"Mtu mmoja, amekaa kwenye kiti, anaweza kuifanya iseme watu wapo na hawapo."

"Ndiyo hivyo!"

"Basi siku ile ilipokwambia hakuna anayemtaka kakakuona, ulijuaje kwamba hawapo?"

 Kiema alikuwa amejifungia mlango mwenyewe. Akisema karatasi ni ya kweli, basi fisi ni makosa yake na wanunuzi wako wapi. Akisema ni ya uongo, alimnyang'anya mtu gogo kwa uongo. Hapo ndipo nilipopata sauti. Niliwaambia habari za barua za kakakuona, ya Uholanzi, ya Kanada, ya lile duka la makumbusho, zote zilizopita mikononi mwangu kwenye printa, na nyingine zilizokuwa zikiingia hadi juma lile.

"Mwanzia," Mzee Kiilu akaita.

Mwanzia alikuwa kwenye gogo. Alimtazama mjomba wake, akatazama chini. "Waliuzwa wote," akasema. "Hata wale niliowakosea magamba. Kule Kware siku hizi sipumziki."

Akainuka, akakusanya pomboo wake, akatoka bila kuambiwa. Kiema alijaribu kumfuata, wakampisha, na hakuna aliyemuaga. Alirudi mwezi ule ule kuomba wagawane naye hasara ya mpingo. Wakamwambia aende akawaulize watu wa kwenye kompyuta. Mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa utingo wa lori la mchanga.

Lakini Jumamosi ile haikuishia kwa Kiema. Yule mtu wa twiga, mwenye watoto watano, alimgeukia Nthoki, na machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Sawa, huyu ni mwizi. Lakini sisi? Miezi minne tumechonga takataka. Krismasi hii watoto wangu watakula fisi? Ulikuwa ukituona kila siku, ukapiga msasa, ukanyamaza."

Nthoki alikuwa amesimama kando ya gogo la baba yake, gunia la vyombo begani. Alijibu polepole, sauti ya kawaida, na kila mtu alisikia.

"Mlicheka mlipoambiwa hakuna mtu duniani anayetaka kazi ya mikono yangu. Nilitaka mjue inavyouma."

 Kila mmoja alikuwa na fungu la fisi weusi miguuni pake, na hapakuwa na pa kutazama ila hapo. Mzee Kiilu alikohoa.

"Hata mimi, mwanangu? Mimi nilikutetea."

Nilidhani atalainika. Mzee yule alikuwa rafiki wa baba yake, alimbeba Nthoki akiwa mchanga, alishika jeneza la Matheka. Nthoki alishusha gunia, akakaa kwenye gogo, akamtazama usoni.

"Ulisema neno moja, Mzee," akasema. "Halafu ukaendelea kuchonga."